Babu hataki kuongelea vita: mwongozo kamili wa kukaa na mzee aliyepigana bila kumuumiza

Nianze na kosa langu maana ndilo lililonifunza. Mara ya kwanza kukaa na mzee aliyewahi kupigana vita nilienda na daftari lenye maswali arobaini, nimeyapanga vizuri kabisa, na swali la tatu lilikuwa "uliua wangapi". Mzee akaniangalia, akaangalia dirishani, akasema naona kama mvua inakuja, akanyanyuka akatoka nje. Hakukuwa na wingu hata moja. Hakurudi mpaka nilipoondoka, na mjukuu wake akanisindikiza kimya kimya kama mtu anayemtoa mwizi nyumbani kwao.

Tangu hapo nimekaa na wazee wengine kadhaa, wa vita tofauti tofauti, na nimeona kitu kinachojirudia: wana maneno mengi sana, stori za kuchekesha, majina ya watu, njia walizopita, ila ile sehemu ya risasi na damu wameifunga na sisi tukifika tunagonga hapo hapo. Huu mwongozo ni wa kukusaidia usigonge hapo. Unaweza kuwa mjukuu, mwandishi, mwanafunzi wa historia au jirani tu mwenye hamu ya kujua, hatua ni zile zile. Na nasema mzee lakini usisahau mabibi, wapo waliokuwa manesi, wapishi, wabeba mizigo, wapeleka ujumbe na wengine walishika bunduki kabisa, na hao ndio hawajaulizwa kabisaaa.

Hatua ya 1: Jua unakutana na ukimya wa aina gani

Watu wanadhani kunyamaza ni kitu kimoja. Sio. Na ukikosea aina utatumia funguo ya mlango mwingine.

Kuna ukimya wa kiapo. Mfano mzuri ni wale waliofanya kazi Bletchley Park kule Uingereza, kazi ya kuvunja siri za mawasiliano ya Wajerumani. Walikula kiapo cha kutosema, vita ikaisha 1945, na mambo yao hayakuwekwa wazi mpaka 1974, karibu miaka thelathini, kuna wazazi walikufa hawajui mtoto wao alifanya nini vitani. Sasa mtu aliyezoea hivyo huwezi kumwambia tu eti siku hizi sio siri tena, ongea. Kwake yeye kiapo ni kiapo. Huyu unamuuliza kwa heshima, kuna mambo uliambiwa usiseme? Akisema ndio, uliza mengine.

Kuna ukimya wa marafiki waliobaki kule. Huu ndio mzito kuliko yote nadhani. Harry Patch, Mwingereza aliyepigana Passchendaele kule Ubelgiji kwenye vita kuu ya kwanza mwaka 1917 na kufariki 2009 akiwa na miaka 111, alikaa bila kuongelea vita mpaka alipopita miaka 100. Hata mkewe waliyeishi pamoja zaidi ya nusu karne hakumhadithia. Kilichomkaa rohoni ni wenzake watatu wa kikosi kimoja cha bunduki waliokufa kwa kombora moja tarehe 22 Septemba 1917, na kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kumbukumbu, sio hizo sherehe za mataji ya maua na bendera. Mzee wa namna hii anaona stori sio yake peke yake, ina wenye nayo na hawapo wa kuwaomba ruhusa.

Kuna ukimya wa aibu. Hapa kuna waliotoroka, waliotekwa, waliogoma kufyatua, na kuna waliofanya kitu ambacho hawajawahi kujisamehe. Ujue jinsi majeshi yalivyokuwa: kwenye vita kuu ya kwanza Uingereza iliwapiga risasi askari wake wenyewe 306 kwa makosa ya kutoroka, woga na mengine ya kivita, wengi wao leo tungesema walikuwa wagonjwa tu, na msamaha wao umekuja 2006, miaka tisini baadaye. Mtu aliyekulia jeshini enzi ambazo hofu ilikuwa kosa la kuuliwa unategemea akuambie niliogopa?

Kuna wa kuwalinda nyie. Anakuangalia mjukuu wake umekaa hapo unakunywa soda, anawaza kwa nini nimwekee huyu kichwani picha ambayo mimi mwenyewe nimeshindwa kuitoa. Kuna wa kukata tamaa pia, alirudi kutoka vitani akajaribu kusema mara moja, akakuta watu hawaamini, au wanacheka, au wanasema "hata sisi huku tulipata shida", akafunga mdomo. Kuna wa ugonjwa wa kusahau. Na kuna wa kutoulizwa, huu rahisi na upo mwingi kuliko unavyofikiri, yaani mzee angeongea tu ila miaka yote kila mtu nyumbani ameambiwa msimguse babu na hilo jambo.

Huwezi kujua ni upi siku ya kwanza. Ila ukiweka hiyo orodha kichwani utaacha kusema "mzee mgumu huyu".

Hatua ya 2: Piga hesabu ya miaka na usome kabla hujaenda

Anza na mwaka wa kuzaliwa. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa 1927. Kwa hiyo kama familia inakuambia babu alipigana vita ya Hitler na babu kazaliwa 1940, hapo ama ni baba yake ama ni vita nyingine, na ni vizuri ulijue kabla hujamwaibisha mtu. Na wazee wa vita sio wa vita kuu ya pili tu. Korea ilikuwa 1950 mpaka 1953. Vita ya Vietnam iliisha Saigon ilipoanguka Aprili 1975. Vita ya Kagera ilianza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Tanzania na Kampala ikachukuliwa Aprili 1979, kwa hiyo kijana wa miaka 20 wa wakati ule kazaliwa 1958. Falklands, vile visiwa Uingereza na Argentina walivyogombania, ni 1982. Iran na Iraki walipigana 1980 hadi 1988. Hao wote sasa ni babu za watu.

Halafu soma. Usisome ili ukamwonyeshe kwamba unajua, soma ili usiulize ujinga na ili ujue wapi pa kunyamaza. Nikupe mfano mmoja uone uzito wa hili. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na wenzao wa Afrika Mashariki walipelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani, Divisheni ya 11 ikashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, matope mpaka magotini, malaria, mpaka wakafika mto Chindwin. Ukimuuliza mzee wa huko "Burma kulikuwaje" atakujibu "kulikuwa mbali". Ukimuuliza "hiyo mvua ya Kabaw, nguo zilikuwa zinakauka saa ngapi?" atacheka kwanza, maana zilikuwa hazikauki, na hapo umeshaingia.

Sasa upande wa pili wa mfano huo huo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, na walikuwepo manesi pia. Na manowari za ulinzi zilidondosha mabomu ya kulipua nyambizi huku watu waliookoka wakiwa bado wanaelea majini. Kulikuwa na meli nyingine kwenye msafara ule na waliokuwa ndani waliona. Kama hujasoma hilo unaweza ukaanza kwa utani, "babu ulikuwa unajua kuogelea?", na usielewe kwa nini mzee kabadilika sura.

Ndio maana nasema soma. Tafuta kikosi, tafuta mwaka, tafuta ramani, andika majina ya miji na mito kwa mpangilio. Masaa mawili matatu yanatosha.

Medali nazo zinasaidia. Za Waingereza za vita kuu ya kwanza huwa zimechongwa namba, cheo, jina na kikosi, nyingi ukingoni, ile nyota ya 1914-15 nyuma yake. Za vita ya pili Uingereza ilizitoa bila majina kwa hiyo usishangae ukikuta patupu na usiseme eti sio yake. Ila medali huchukui mwenyewe kwenye kabati hata kama imewekwa wazi. Unasubiri akupe mkononi. Wengine wameziweka chini kabisa ya sanduku na hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 3: Pitia kwa mtu

Usiibuke tu mlangoni. Tafuta mtu anayemwamini, binti yake, mjukuu anayeishi naye, mzee mwenzake, akutambulishe, na kabla ya siku umuulize huyo mtu vitu vinne: anasikia vizuri? saa ngapi anakuwa na nguvu? kuna tarehe mbaya kwenye mwaka? na kuna kitu hakitakiwi kutajwa?

Hilo la tarehe watu hulipuuza. Kuna wazee wanakuwa sawa mwaka mzima halafu wiki fulani hawalali. Familia wanajua, hata kama hawajui sababu. Usiende wiki hiyo kama ni mara yenu ya kwanza kuonana. Na usipange kwenda siku ya gwaride au sikukuu ya kitaifa ukidhani ndio itamkumbusha, itamkumbusha kweli, mizinga ya saluti na fataki hizo hizo.

Mwambie pia huyo mtu ukweli wa unachotaka. Kama ni kazi ya shule sema, kama utaiweka mtandaoni sema. Mzee akija kugundua baadaye umemficha, hakuna tena.

Hatua ya 4: Kiti, sikio na mlango

Hii sehemu inaonekana ndogo lakini nimeona inaamua mambo mengi kuliko maswali.

Masikio kwanza. Mtu aliyepiga bunduki sana akitumia mkono wa kulia mara nyingi sikio lake la kushoto ndilo limeharibika zaidi, kwa sababu akilenga sikio la kushoto linakuwa limeelekea mdomo wa bunduki, la kulia limejificha kwenye bega na kichwa. Kwa hiyo kama hujui kaa upande wake wa kulia, alafu muulize kama anakusikia. Wengi masikio yanawavuma muda wote, mchana na usiku, miaka hamsini sasa. Zima tv na redio. Ongea taratibu, sauti nzito kidogo, usipige kelele, kelele inageuza maongezi kuwa amri. Nimeshaona watu wanasema mzee amegoma kujibu kumbe hakusikia swali na ameona aibu kuomba urudie mara ya tatu.

Kiti: acha achague yeye. Wengi watakaa wanaona mlango, mgongo ukutani. Usimzibie mlango na usisimame nyuma yake. Usipige picha ya ghafla yenye mwanga. Huyo Harry Patch niliyemtaja, alipokuwa kwenye nyumba ya wazee kulikuwa na kabati la mashuka mbele ya chumba chake, taa ya mle ikiwashwa usiku akiwa nusu usingizini kwake ilikuwa ni mwanga wa bomu. Zaidi ya miaka themanini baadaye, taa ya kabati.

Muda usizidi saa moja siku ya kwanza. Asubuhi ni bora, na hasa sio jioni, maana unayoyafukua jioni analala nayo.

Hatua ya 5: Maswali, na hapa nitakaa kidogo

Yasiyoulizwa kabisa: uliua mtu? uliua wangapi? ulijisikiaje ulipoua? uliogopa kufa? ilikuwa kama kwenye sinema? ile vita ilikuwa na maana kweli? Hilo la mwisho linaonekana la kisomi lakini kwa mtu aliyezika marafiki ni tusi. Na maswali ya kuua, tuwe wakweli, majibu yake tunayataka kwa ajili yetu, mzee hapati chochote.

Anza mbali na mapigano. Anza na siku ya kuondoka nyumbani. Nani alikusindikiza? Ulibeba nini? Uliwaaga? Mama alisema nini? Hapo mzee anakuwa kijana wa miaka kumi na tisa mbele yako, na kumbukumbu za umri ule ndizo zinazobaki imara kuliko za juzi, kwa hiyo hata mwenye usahaulifu anaweza akakupa jina la mtu aliyekaa naye kwenye gari moshi na asikumbuke kama amekula leo.

Kisha vitu. Aisee, vitu ndio siri yenyewe. Uliza viatu. Viatu vilitosha? Vilikuwa vizito? Miguu iliota malengelenge? Uliza chakula kilikuwaje, nani alipika, kitu gani ulikitamani. Uliza mlilala wapi, blanketi ngapi, nani alikoroma. Barua zilifika baada ya muda gani, na nani alikuandikia kama ulikuwa hujui kuandika. Mlicheza nini mkiwa hamna kazi, kwa sababu vita sehemu kubwa ni kusubiri, hilo watakuambia wote. Nani alikuwa mchekeshaji wa kikosi. Sajenti mkali alikuwa nani mlimpa jina gani la utani, na hapa jiandae kucheka, hakuna kikosi kisichokuwa na sajenti mwenye jina baya.

Uliza pia kurudi. Hili swali karibu hakuna anayeuliza na ndilo limenipa majibu marefu kuliko yote: siku uliyorudi nyumbani ilikuwaje? Nani alikutambua wa kwanza? Ulilala usiku wa kwanza? Ulipata kazi? Walikulipa walichoahidi? Kuna wazee hasira yao yote haipo vitani, ipo kwenye mafao na ahadi, na wataongelea hilo masaa mawili. Waache. Hiyo nayo ni stori ya vita.

Namna ya kuuliza: fupi, moja moja, isiyojibika kwa ndio au hapana, na isiyoanza na "kwa nini". "Kwa nini" inamfanya mtu ajitetee. Badala ya "kwa nini mlirudi nyuma" sema "ikawaje mpaka mkarudi nyuma". Na kila baada ya muda mpe mlango wa kutokea kabla hajauhitaji, "mzee, lolote usilotaka kujibu niambie tu tupite." Ukisema mwanzoni tu atasahau, rudia.

Hatua ya 6: Mlango ukifunguka, funga mdomo wako

Itatokea hivi. Mnaongea viatu, ghafla atasema kitu kama "huyo alikuwa anavaa namba tisa. Hakurudi." Kimya.

Usijaze huo ukimya. Hesabu moyoni mpaka ishirini, ni ndefu mno nakuambia, utajisikia unataka kufa kwa aibu. Usigeuze kurasa, usiangalie simu. Akiendelea, sikiliza. Akirudi kwenye viatu, rudi naye kwenye viatu, usimkimbilie na "alikufaje?". Ukishindwa kabisa kukaa kimya sema "alikuwa anaitwa nani?" tu. Jina la rafiki linakaribishwa karibu mara zote, namna alivyokufa sio mara zote.

Usiseme nakuelewa. Hata kama umepitia makubwa. Usiseme "pole" kila sentensi. Usiseme "wewe ni shujaa" maana wengi neno hilo linawachoma, kwao mashujaa ni wale waliobaki kule. Usilinganishe na sinema wala na stori ya mjomba wako. Na wakicheka kwenye kitu cha kutisha, cheka kidogo kama kinachekesha, utani wa askari ni mweusi na ndio uliowavusha.

Vilevile usimsahihishe. Akisema ilikuwa Machi na kitabu kinasema Mei, andika Machi. Utalinganisha baadaye nyumbani kwako.

Hatua ya 7: Akilia, akitetemeka, akienda mbali

Kulia sio balaa. Mzee akilia mpe muda, mpe kitambaa, kaa hapo hapo. Usimkumbatie kama hujui analipokea vipi, mguso wa ghafla kwa baadhi yao ni mbaya. Muulize, tupumzike au tuendelee? Afanye uamuzi yeye.

Kinachohitaji uangalifu ni pale anapoondoka akiwa amekaa. Macho yanatazama kitu ambacho hakipo, pumzi fupi fupi, mikono inashika kiti, anaongea kama vile ni sasa hivi. Hapo acha maswali yote. Mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko wapi, leo ni siku gani, wewe ni nani. Mwombe akanyage sakafu kwa miguu yote, ashike kikombe cha maji baridi, akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani. Fungua dirisha. Usimshike kwa nyuma.

Hii hali ni ugonjwa unaojulikana na unatibika, hata uzeeni. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kuhusu askari waliovurugwa na makombora, jina likawa mshtuko wa makombora, na ilichukua mpaka 1980 kwa madaktari wa akili wa Marekani kuuingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa kama msongo wa baada ya kiwewe. Kwa hiyo kwa wazee wengi, walipokuwa vijana ugonjwa wao haukuwa na jina, waliitwa walevi, wakali, waoga. Kuna wengine wamekaa sawa miaka arobaini halafu yanawarudia uzeeni, kazi imeisha, mke amefariki, watoto wameondoka, hakuna tena cha kumshughulisha kichwa. Ukiona halali, anapiga kelele usingizini, anakunywa sana, au anasema heri angekufa, usikae nalo. Hilo la kutaka kufa unamuuliza wazi wazi kama anafikiria kujidhuru, humwachi peke yake, unamwambia aliye karibu naye na mnamtafutia daktari siku hiyo hiyo. Hapo hakuna siri.

Na usimalizie kikao kwenye kilele cha maumivu. Dakika kumi za mwisho mrudishe nyumbani: watoto, kazi aliyofanya baadaye, mpira, hali ya hewa. Muachane akiwa yuko leo. Jioni mpigie yule mtu aliyekutambulisha ujue ameendeleaje.

Hatua ya 8: Akikuambia alichofanya

Siku moja unaweza kuambiwa kitu kizito. Mfungwa aliyepigwa risasi, nyumba iliyochomwa ikiwa na watu. Zima rekoda kabla hajamaliza sentensi na mwambie umeizima. Usimhukumu, na pia usikimbilie kumsafisha na "ulikuwa unafuata amri tu, sio kosa lako". Najua unasema kwa upendo. Ila ameshajiambia hivyo mwenyewe mara elfu na haikusaidia, ukiirudia anasikia kwamba hutaki kusikia. Sema "asante kwa kuniamini", basi. Akitaka kiongozi wa dini au mtaalamu msaidie apate. Akisema isiandikwe, haiandikwi, hata afe kesho.

Hili la mwisho najua waandishi tunagombana nalo. Mimi msimamo wangu ndio huo.

Hatua ya 9: Kurekodi

Haraka haraka. Simu inatosha, iweke kwenye kitambaa juu ya meza ili isipokee mtikisiko, iwe kwenye hali ya ndege isilie. Jaribu dakika moja usikilize kama sauti yake inasikika na sio yako. Mwanzoni taja tarehe, mahali, majina yenu, na muulize kwa sauti kama anakubali kurekodiwa, jibu lake liwemo humo. Mwonyeshe namna ya kuzima na umpe ruhusa ya kuzima mwenyewe, wengi hawazimi lakini kujua wanaweza kunawatuliza. Weka nakala sehemu mbili siku hiyo hiyo, moja mpe familia. Kama unafikiria kuipeleka kwenye hifadhi ya kumbukumbu uliza masharti yao kabla, kwa mfano mradi wa historia za askari wa Maktaba ya Bunge ya Marekani uliopo tangu 2000 unataka mahojiano ya angalau dakika 30 yasiyokatwakatwa.

Kama hataki kurekodiwa, usirekodi. Andika ukifika nyumbani. Wala usifanye ule mchezo wa kuacha simu inarekodi mfukoni, ni wizi.

Hatua ya 10: Kama hataki kabisa

Basi hataki. Nenda kwenye karatasi: hati ya kuachishwa jeshi, namba ya utumishi, barua, picha zenye maandishi nyuma. Ila usitumie karatasi kumkamata. Faili kukosekana haina maana mzee ni mwongo. Moto wa tarehe 12 Julai 1973 kwenye jengo la kumbukumbu za jeshi St. Louis uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya askari wa Marekani. Na kwa Waafrika ni mbaya zaidi, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwenye ripoti ya 2021 kwamba askari na wapagazi wengi sana wa Afrika Mashariki waliokufa vita kuu ya kwanza hawakuandikwa majina popote. Kwa hiyo ukitafuta jina ukakuta hamna, tatizo linaweza kuwa la waliokuwa wanaandika.

Na endelea kwenda. Nenda bila daftari. Yule mzee wangu wa mvua nilirudi kwake baada ya miezi miwili kumwomba radhi, akasema ipi tena, akajifanya kasahau. Nikawa napita pita. Tunaangalia mpira, namsomea meseji za wajukuu. Vita sikuigusa tena hata siku moja. Mara ya nne au ya tano nilimkuta anahangaika kuvaa viatu, mgongo haukunji, nikapiga magoti nikamvalisha. Nilipotaka kukaza kamba akanishika mkono, akasema acha soksi kwanza, vuta soksi vizuri isikunjike, ikikunjika ukatembea nayo siku tatu utakatwa mguu, mwenzangu alikatwa. Nikavuta soksi. Akataja jina la huyo mwenzake, mara mbili, alafu akaniuliza mechi inaanza saa ngapi.